Jina Asilolitamka Anjela

Kufikia saa mbili asubuhi, Inspekta Brigita Margwe alikuwa ameisikiliza ile sauti mara kumi na nne. Kila ilipofika pale mwanamke anapovuta kamasi, alitamani kuitupa simu dirishani.

Ilikuwa sauti ya dakika tatu tu, mwanamke analia. Lakini alikuwa analia kwa mpangilio, ananyamaza pale panapofaa kunyamaza, kisha anaendelea.

"Naitwa Anjela, mkwe wa Mzee Gidamuda. Tumehama kutoka Hanang, ng'ombe wamekwisha kwa ukame. Mwanangu Dorika amefia njiani. Nilimvua sweta lake la kijani la shule, nikabaki nalo. Jamani, dunia hii! Mzee Gidamuda hakutaka tusimame hata tumlilie, anawahi Sigino, ameahidiwa mashamba ya wenyeji. Usiku yanakuja malori, watu mia mbili, Mzee Gidamuda anawaandikisha wapige kura. Wenyeji wa Sigino, mimi ni mama, nawaonea huruma. Msilale!"

Basi wenyeji hawakulala. Sauti ilianza kusambaa Jumanne. Jumatano mkutano wa mtaa, ambao kwa kawaida watu huitwa kwa kipaza sauti hadi koo likauke wakaja ishirini, ulijaza uwanja wa shule. Alhamisi watu walipanga foleni ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa mtaa tangu alfajiri, wengine hawajawahi kupiga kura tangu wazaliwe. Ijumaa jioni boma la Mzee Gidamuda likachomwa. Mzee mwenyewe aliungua mikono na mgongo akitoa ndama, na sasa alikuwa amelala hospitali kifudifudi. Vijana sita walikuwa mahabusu, na wote sita walitoa jibu moja: tulimsikia mama analia.

"Malori nimeyafuatilia, afande," alisema Koplo Vitus, msaidizi wake, akifungua daftari. "Lori lilionekana kweli. Moja. Limebeba mpunga wa Magugu, dereva ana stakabadhi ya ushuru. Lilisimama pale kubadilisha tairi."

"Na hao watu mia mbili?"

"Nimekaa na orodha ya wapiga kura ya mtaa tangu jana. Wa boma lile wameandikwa wanne. Familia nzima ni watu tisa, ukihesabu na watoto. Na walikuja kwa miguu."

Brigita alisonya. Watu wazima na akili zao wamechoma nyumba ya watu tisa kwa sababu ya tairi la lori la mpunga.

"Endelea na orodha ya walioisambaza."

Vitus alikuwa ameziandika namba za simu na makundi kwa mwandiko wake wa shuleni. Kundi la kwaya. Kundi la wakulima wa Mutuka. Kundi la wazazi wa darasa la saba. Alipofika la nne akapunguza sauti. "Kundi la Ukoo wa Margwe, Dareda. Imetumwa humo Jumanne saa tatu usiku, na—"

"Hilo ruka," alisema Brigita. "Mlete yule mama."

Anjela aliingia akiwa amejifunga shuka la zambarau linalonuka moshi. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mwembamba, mikononi amevaa bangili za shaba. Aliamkia, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Jina lako?"

"Anjela."

"La mume?"

"Melkior."

"Mkuu wa kaya?"

Anjela alizungusha bangili zake.

"Nakuuliza mkuu wa kaya. Mwenye boma."

"Ni mzee. Yule aliyelala hospitali."

"Namjua alipolala. Anaitwa nani?"

Anjela aliangalia sakafu. Vitus alingoja na kalamu yake juu ya karatasi.

"Mama Dorika," alisema Brigita, "mimi sina siku ya kuchezea. Kuna sauti inayokutaja wewe, na imechoma nyumba. Usipojibu swali dogo kama hili, nitaamini umeitoa wewe na unaficha. Nitakulaza ndani. Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Yule mama aliinama akavua kandambili. Kisha akavua bangili, moja moja, akazipanga juu ya meza mbele ya inspekta, kama anavyofanya mtu anayeingizwa mahabusu. "Nipelekeni," alisema.

Brigita alimtazama Vitus. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona watu wengi wakikiri kwa namna nyingi, na hii aliihesabu kuwa mojawapo. Aliingiwa na kinyaa. Mwanamke gani anamtumia mtoto wake aliyekufa kuwachochea watu wamchome moto mzee wa nyumba yake, halafu hana hata haya ya kukana?

Alitoka nje kuvuta hewa. Kwenye benchi alikuwa amekaa Melkior, mume wa Anjela, kijana mrefu mwenye nyusi zilizoungua. Alisimama.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mkeo amekubali."

"Amekubali?" Melkior aliketi tena. "Basi sawa. Leo saa tisa kuna kikao cha ukoo. Atarudi kwao, watoto watabaki kwetu. Nilikuwa bado nina matumaini kwamba atakataa."

"Watoto wangapi?"

"Wawili. Mmoja ana miaka minne, mwingine miwili."

"Mtamfukuza kwa sababu ya moto?"

"Moto uliwashwa na watu wa hapa. Tunamfukuza kwa sababu ya jina." Alisema hivyo kwa shida. "Kwetu mke hamtaji baba mkwe wake. Hata maneno yanayofanana na jina lile hayatamki, anatafuta mengine. Ni tangu siku anayoolewa mpaka anakufa. Na yeye amemtaja mbele ya dunia nzima, mara tatu. Wazee wanasema afadhali angemchoma yeye mwenyewe."

Brigita alisimama pale na kitasa cha mlango mkononi. Amezaliwa Dareda, amenunua maziwa ya Wabarabaig, watu wa kabila la akina Melkior, tangu anajifunza kutembea, amewakamata, amewatetea, amewacheka mashuka yao. Hilo hakulijua. Aibu ilimpanda, naye akaimeza.

"Melkior, nisikilize vizuri. Sasa hivi nimemkalisha mkeo, nikamtishia mahabusu. Nilichotaka ni jina la baba yako tu. Unajua amefanya nini?"

"Amesema?"

"Amevua viatu na bangili akasema apelekwe ndani. Mtu anayekubali kulazwa sakafuni ili asilitamke mbele ya polisi wawili, atalitamka mara tatu kwenye simu?"

Melkior alitikisa kichwa.

"Sweta, afande," alisema. "Ile sauti inajua habari ya sweta. Mimi ndiye niliyemzika Dorika. Nilijua nimemzika na sweta lake, kwa sababu alikuwa amefunikwa shuka na mimi sikufunua. Kwamba lilivuliwa nimelisikia kwenye hiyo simu. Ni mke wangu tu aliyejua."

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Brigita alirudi ndani akasogeza kiti, akakaa upande uleule wa meza na Anjela. Alizisukuma bangili kumrudishia.

"Sitakuuliza tena lile jina. Nakuuliza kitu kingine. Sweta la Dorika liko wapi?"

Kwa mara ya kwanza yule mama alilia, na hakulia kama kwenye simu. Hakukuwa na sauti kabisa. Mabega tu yalitetemeka, na mdomo ukabaki wazi.

"Nalifungia kwenye kidumu cha maziwa," alisema baadaye. "Nikishatoka nyumbani, nalizungusha juu ya kifuniko maziwa yasimwagike. Nilitaka niwe nalishika kila siku."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Mama Dorika. Kuna mtu ulimwambia."

"Mmoja. Lakini hawezi kuwa yeye." Alijifuta kwa ncha ya shuka. "Mama Jenipher, wa mgahawa karibu na stendi, namuuzia maziwa. Siku ya mvua alinikalisha ndani, akaniuliza sweta hili dogo ni la nani. Nikamwambia yote. Hawezi kuwa yeye, afande. Alilia kuliko mimi."

Ndani ya gari, Vitus alitafuta kwenye simu jina la Evangelina, ndiye Mama Jenipher. Halikuwa jina la kutafuta muda mrefu. Alikuwa na ukurasa unaoitwa Machozi ya Manyara, wenye wafuasi maelfu. Vitus alifungua sauti moja: binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nyingine: kijana aliyepotea safarini kwenda Afrika Kusini. Ya tatu: mjane aliyehama Mbulu akanyimwa kiwanja. Watu watatu wa mahali patatu, na wote walivuta kamasi kwa namna moja, kisha wakasema, "Jamani, dunia hii!"

"Zima," alisema Brigita. "Nitatapika kwenye gari la serikali."

Walimchukua mwenyekiti wa mtaa wa pale stendi awe shahidi wa upekuzi, wakamkuta Evangelina nyuma ya sufuria zake, mwanamke mnene wa miaka arobaini na mitano, mwenye uso mwema. Hilo ndilo lililomchukiza Brigita zaidi ya yote, ule uso mwema.

"Karibuni, karibuni! Chai ya rangi tu leo, mtanisamehe. Maziwa yamekuwa shida, yule mama wa Sigino hajaleta tangu Ijumaa."

"Unajua kwa nini hajaleta?"

"Nimesikia habari za moto." Macho yakamjaa maji papo hapo. "Nimelia, afande, acha tu."

"Simu yako iko wapi?"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Vitus alisoma hati ya upekuzi, mwenyekiti akatia saini, na Evangelina akaifungua mwenyewe bila ubishi. Faili la sauti za Jumatatu iliyopita lilikuwa na rekodi tano. Brigita aliweka simu mezani kati ya sahani za chapati, akabonyeza ya kwanza.

"Naitwa Anjela, mkwe wa Mzee Gida... Gida nani? Ngoja, ngoja nianze tena." Kisha kicheko kidogo, na kijiko kikigonga kikombe.

Mwenyekiti wa mtaa aliangalia pembeni.

Ya pili na ya tatu alikosea kulia. Ya nne ndiyo ile iliyochoma boma. Brigita alifikiri yamekwisha, akabonyeza ya tano kwa kukamilisha utaratibu tu. Sauti ileile, sweta lilelile, Mzee Gidamuda yuleyule. Lakini safari hii Anjela wa simu alisema wenyeji wa Sigino ndio waliomnyima mtoto wake maji mpaka akafa, na kwamba wahamiaji wote wa Babati wajitokeze wajiandikishe, wawaonyeshe.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Brigita.

"Ile ya nne aliitaka Sosthenes, meneja wa kampeni wa mgombea wa wenyeji. Hii ya tano ni ya upande wa pili, nao waliniomba."

"Mtoto mmoja aliyekufa. Umewagawia pande zote mbili."

"Afande, mimi sina upande, nina huruma." Evangelina alisema hivyo kwa unyofu kabisa. "Mwanzo niliandika habari ya Anjela kama ilivyo, bila malori wala nini. Watu arobaini tu waliipenda. Arobaini! Sosthenes akaja akaniambia, Mama Jenipher, sisi tumeitisha mikutano ya barabara, ya maji, ya zahanati, watu hawaji. Machozi yanawaleta. Ongeza kidogo tu, wewe una kipaji, na baada ya uchaguzi tutakukumbuka kwenye viti maalumu. Upande wa pili nao wakaniambia hivyohivyo. Na kweli watu walikuja, hukuona? Vijana ambao hata mwenyekiti wao hawamjui walijiandikisha. Hilo si jambo jema?"

"Mzee ameungua mgongo."

"Hilo sikulitaka."

"Ulimuuliza Anjela kama anataka?"

"Nililia naye!" Sasa Evangelina alishangaa kweli. "Wewe ulitaka nifanye nini zaidi? Nililia naye hapa hapa. Na mtoto alikufa kweli, afande, hilo sikulitunga."

Kikombe cha chai ya rangi kilikuwa kimewekwa mbele ya Brigita na mtu fulani kwa ukarimu. Alikuwa amekwisha kunywa mafunda mawili. Alitoka mlangoni akatema, akarudi akifuta mdomo.

"Funga mgahawa," alisema. "Tunakwenda Sigino."

Boma lilikuwa duara jeusi. Miti ya zizi ilisimama imeungua nusu, na ndama watatu walifungwa kwenye kivuli cha kontena la jirani. Wanaume tisa wa ukoo, waliotoka maboma mengine, walikuwa wamekwisha kuketi, na aliyeongoza ni baba mkubwa wa Melkior, mzee mkavu mwenye koti la suti juu ya shuka. Anjela alikuwa mbali nao, peke yake, watoto wake wawili wameshikwa na mwanamke mwingine. Mdogo alikuwa anamlilia, na hakuna aliyemruhusu kwenda.

Brigita aliamkia, akaeleza kazi yake. Simu ilikuwa mfukoni mwa Vitus ndani ya bahasha ya kielelezo. Kuifungua ile sauti hapa kungekuwa kuwapigia tena tusi lilelile kwa mdomo wa Anjela, na hilo alikuwa amelifikiria njia nzima.

"Wazee, ninaomba mgeuke, mtupe mgongo," alisema. "Msitazame mtu. Sikilizeni tu."

Walinong'ona kwa lugha yao. Mwisho baba mkubwa aligeuka, na wengine wakageuka.

"Evangelina, sema ulichokisema Jumatatu."

"Hapa?"

"Hapa."

Alisitasita kidogo. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi, na jambo la kuchukiza ni kwamba alilifanya vizuri. Kamasi zilivutwa. Kimya kikawekwa mahali pake. "Naitwa Anjela," alisema, "mkwe wa Mzee Gidamuda—"

Anjela aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akainama mpaka uso ukagusa magoti. Melkior alimwona. Hakugeuka tena kutazama upande wa wazee, alibaki anamtazama mke wake. Evangelina alitaja jina mara ya pili, akafika kwenye sweta, machozi yakimchuruzika mashavuni, ya kweli kabisa.

"Basi," alisema baba mkubwa, bado amewapa mgongo. "Basi, basi. Ni huyu."

Aligeuka. Alimtazama Evangelina kwa muda, akatazama mashavu yake yaliyolowa, akatema mate pembeni.

"Huyu kichaa?" aliuliza.

"Hapana, mzee," alisema Brigita. "Ana akili timamu."

"Mpeleke. Mama anabaki na watoto wake. Kikao kimekwisha."

Mwanamke aliyeshika watoto aliwaachia. Mdogo alikimbia akaanguka, akainuka, akafika. Anjela alimpakata, mkubwa akamng'ang'ania shuka, na Melkior alikwenda akasimama karibu nao, kama mtu asiyejua aanzie wapi kuomba radhi.

Vitus alimwingiza Evangelina garini. Brigita alikuwa anawafuata, Anjela akamwita.

"Afande. Wewe uliisikia lini ile sauti?"

"Jumanne."

"Ulilia?"

Brigita angeweza kusema kwamba maswali huuliza yeye. "Nililia," alisema.

"Halafu?"

Ndama mmoja alilia kwenye kontena. Brigita alikumbuka mahali alipokuwa, kitandani, simu mkononi, na jinsi alivyojiona mtu mwema kwa kulia vile.

"Nikawatumia ndugu zangu wa Dareda. Nikawaambia wawatumie wengine."

Anjela alimtazama bila hasira. Aliitikia kwa kichwa, akamhamishia mtoto bega la pili, akaenda kuchota maji ya ndama.

Garini, Vitus alikuwa ameshika daftari, Evangelina nyuma yake akijipangusa kwa kitambaa na kusema jamani, jamani. Brigita alifunga mlango.

"Koplo. Ule mstari wa kundi la nne niliokuambia uruke. Uandike."

"Niliuandika asubuhi, afande. Nimeacha tu nafasi ya mtumaji." Vitus alifungua ukurasa, akatoa kalamu. Alikuwa anamjua kwa miaka sita, lakini utaratibu ni utaratibu. "Jina?"

Inspekta alitazama duara jeusi kupitia kioo. Lilimchukua muda kulitamka.

"Brigita Margwe," alisema.